Ndege Iliyofika kwa Hesabu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Machakos. Tarehe 18 Februari 1998, saa tatu asubuhi.
Jina: Pauline Kalekye. Umri: miaka 32. Kazi: fundi cherehani. Makazi: Machakos mjini.

Mimi ni mke wa Reuben Mulwa, makanika wa ndege ndogo za chakula cha msaada. Mnamo tarehe 17 Februari, saa mbili asubuhi, alinipigia simu kutoka Wajir kupitia duka la jirani yangu Khadija. Alisema, "Mama Mutinda, tunatoka saa tatu, mimi na rubani. Saa sita nitakupigia nikiwa Loki." Ni Lokichoggio hiyo, kama kilometa mia saba kutoka Wajir. Ndege yao huchukua masaa mawili na nusu. Akitua lazima apige, hata kama hana neno.

Saa sita nilikuwa dukani kwa Khadija. Saa saba bado kimya. Nikapigia kampuni yao Nairobi, akashika karani anayeitwa Kibe. Akasema, "Imefika, mama. Wacha wasiwasi." Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwa cherehani. Lakini roho ilikataa. Nilishona mkono wa sare mahali pa shingo, nikafumua.

Saa kumi na moja jioni nikampigia tena. Nikamwuliza ni nani huko Loki ameiona ikitua. Akasema, "Mama, walitoka saa tatu, safari ni masaa mawili na nusu. Hiyo imefika. Redio ya huko inasumbua, kwa hivyo sisi huhesabu hivyo kila siku." Ndipo nilipojua hakuna mtu aliyeiona. Alijumlisha tu. Na kwa sababu alisema imefika, hakuna anayeitafuta. Nilimsihi aite Loki, akasema ofisi inafungwa, nipige kesho.

Reuben aliwahi kuniambia wanabeba mafuta ya masaa matano. Basi tangu jana saa nane ndege hiyo haiko juu. Iko chini mahali fulani huko katikati, kwenye jua lile, na mume wangu hubeba chupa moja ya maji. Naogopa, afande. Mama mkwe ameniambia nitulie, kwani kampuni imesema imefika. Sitatulia. Nyinyi muko na redio. Ulizeni Loki, na yeyote akisema imefika, mwulizeni kama ameiona kwa macho yake.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nimesomewa, na ndiyo ukweli ninaoujua.

Sahihi: P. Kalekye

Nimeyaandika mimi, Konstebo Yasin Ali. Saa tatu na dakika arobaini nimeita Lokichoggio kwa redio. Aliyejibu amesema, "Nairobi walituambia ilifika jana." Nimemwuliza kama ameiona. Ameomba nisubiri, akaenda uwanjani. Amerudi akasema haipo, na hakuna aliyeiona. Nimepeleka habari makao makuu ya polisi Nairobi ili ndege ianze kutafutwa.

Shahidi amesikia yote. Ameomba akae karibu na redio, nami nimemruhusu.