KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUAMUA HATIMA YA KOMPYUTA ZA MAKTABA YA TUMAINI, KARATU

TAREHE: Jumamosi, 14 Juni 2025
MAHALI: Chumba cha kompyuta, Maktaba ya Tumaini

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Hyasinta Sulle – Mwenyekiti
2. Mwl. Modest Qamara – Makamu Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu
3. Bw. Ngoitiko Lesiamon – Mwakilishi wa wazazi wa Loliondo na Sale
4. Bi. Naishorua Sairowua – Mjumbe, mwalimu wa kompyuta
5. Bi. Eva Tluway – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bi. Selina Bura – kwa taarifa, yuko msibani Mbulu

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi baada ya sala iliyoongozwa na Bw. Ngoitiko. Aliwakumbusha wajumbe kwamba serikali ya kijiji inakihitaji chumba hiki kiwe ghala la mbaazi, na leo ndiyo siku ya kuijibu. Ikionekana kompyuta hazifai, funguo zitakabidhiwa, na wasichana wa bweni wanaotoka Loliondo na Sale watakosa mahali pa kujifunzia.

KUMB. NA. 2/2025: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Mwl. Modest alirudia msimamo wake kwamba kompyuta ni vyuma chakavu na ziondolewe. Bi. Naishorua alieleza kwamba wapo wanaosema hivyo na hawajakanyaga chumba hiki tangu Pasaka. Mwl. Modest aliuliza kama anasemwa yeye. Mwenyekiti aliwataka wajumbe wazungumzie kompyuta, wasizungumzie watu.

KUMB. NA. 3/2025: TAARIFA YA UFUNGAJI WA MFUMO MPYA
Bi. Naishorua alieleza kwamba kompyuta hazikuwa mbovu, ila zimezeeka, na mfumo endeshi uliokuja nazo uliwazidi uwezo wazee hawa. Aliuondoa, akaweka Debian, mfumo wa chanzo huria ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha. Alikiri kwamba eneokazi aliloweka mwanzoni, yaani ile sura yenye menyu na madirisha ambayo mtumiaji anaiona, lilikuwa zito lenye mapambo mengi, na kompyuta zikaganda vilevile. Siku hiyo alikaa sakafuni akafikiria kumpigia Mwenyekiti akabidhi funguo.

Baadaye alisoma kwamba mfumo unaweza kubaki na eneokazi pekee likabadilishwa. Alipakua eneokazi jepesi liitwalo Xfce kwa intaneti ya simu yake, kidogo kidogo kadiri mtandao ulivyopatikana, akaliweka kwenye kompyuta zote.

Mwl. Modest alihoji kompyuta ileile itaendaje mbio kwa kubadilishwa sura tu. Bw. Ngoitiko aliomba ajibu yeye: "Mwalimu, punda akigoma mlimani hatumwachii fisi. Tunampunguzia mzigo."

KUMB. NA. 4/2025: MAJARIBIO MBELE YA KIKAO
Mwenyekiti aliagiza Mwl. Modest awashe kompyuta mwenyewe, asije mtu akadai kulikuwa na ujanja. Mwalimu aliwasha iliyo karibu na dirisha, akaandika nywila. Kioo kiliganda. Alisubiri, kisha akasema kikao kimejionea. Mwenyekiti alizichukua funguo mezani.

Bi. Naishorua aliinama kutazama kioo, akasema: "Mwalimu, umeingia kwenye eneokazi la zamani, bado limo humo. Izime uiwashe tena. Kabla ya kuandika nywila, bonyeza alama hiyo ya pembeni uchague Xfce."

Mwl. Modest alifanya hivyo. Eneokazi lilifunguka kabla hajaondoa vidole kwenye kibodi. Alifungua ukurasa wa kuandikia, akaufunga, akaufungua tena, akaandika jina la shule aliyostaafia. Kompyuta nyingine zote ziliwashwa kwa pamoja na hakuna iliyoganda. Wajumbe walipiga makofi, Mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Mwl. Modest aliomba nafasi ya kusema. Alieleza kwamba ni yeye aliyeziomba kompyuta hizi kwenye hoteli moja ya watalii, akapongezwa kanisani mbele ya watu. Zilipogoma, alianza kuzunguka njia ya sokoni ili asipite hapa. "Sikuwachoka watoto," alisema. "Niliona aibu." Aliomba maneno hayo yaandikwe.

Bi. Naishorua alisema hakulijua hilo, na akaomba kufuta kauli yake kuhusu Pasaka. Mwl. Modest alisema ibaki, kwa kuwa ni kweli.

KUMB. NA. 5/2025: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba chumba kibaki cha kompyuta, na Mwenyekiti apeleke jibu serikali ya kijiji leo hii. Eneokazi zito liondolewe kwenye kompyuta zote ili mtu asiingie humo tena kwa bahati mbaya. Bw. Ngoitiko atawapelekea wazazi wa Loliondo na Sale habari hii. Mwl. Modest alijitolea kusimamia chumba kila Jumamosi. Bi. Naishorua aliunga mkono.

KUMB. NA. 6/2025: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alikuwa ameandaa neno la kufunga, lakini wasichana wa bweni walikuwa wameshaingia na viti vilihitajika. Wajumbe walisimama wakawapisha. Kikao kilifungwa saa sita mchana, wajumbe wakiwa wamesimama ukutani.

…………………………
Hyasinta Sulle
MWENYEKITI

…………………………
Eva Tluway
KATIBU