Masale Kwenye Kiwanja cha Mama

Bibi, shikamoo. Sisi hatujambo, mama anakusalimia.

Umeuliza kwa nini bado tunaishi nyumba ya kupanga. Mama aliponunua kiwanja hapa Moshi, tulipanda mimea ya masale kuonyesha mpaka, kama kwenye kihamba chako, shamba la ukoo kule Mwika. Mwenyekiti wa mtaa na majirani wakakubali mpaka huo. Tulipoomba kibali cha kujenga, afisa mipangomiji wa manispaa alikuja na ramani, akacheka.

"Mama, masale mazuri, ila yamekaa barabarani. Mwenyekiti anawajua majirani, barabara tunapanga sisi."

Mimi huwa naogopa wageni, lakini nikauliza, "Sasa tujenge wapi?"

Akapima upya sehemu iliyobaki nje ya barabara. Patatosha vyumba viwili, si vitatu tulivyotaka, kimoja kikiwa chako. Nimeshamwambia mama kwamba ukija, mimi na wewe tutalala kimoja.

Mjukuu wako, Anande