Amibe za Dokta Régis

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimerudi nyumbani Niboye na utumbo mfupi kuliko nilioondoka nao. Uvimbe umetolewa. Ni kansa – haya, nimeliandika. Daktari wa upasuaji kauliza kwa nini nilichelewa hivyo. Sikuchelewa, bwana! Tangu mwaka jana nimekuwa mteja mwaminifu wa Dokta Régis, mwenye kliniki ya hapa mtaani. Mara tatu nimekwenda, mara tatu kaniambia ni amibe, vijidudu vya tumbo. Kigali hii hata ukipiga chafya utaambiwa una amibe. Na mimi nikameza vidonge, nikashukuru, nikampelekea na parachichi.

Alhamisi, 17 Julai
Binti yangu Ariane kaja kutoka kazini Kacyiru, uso kaukunja. Anataka tumshtaki Régis. Wakili keshampata: Kamanzi, kijana aliyekulia Uganda, anaongea kama anayekimbizwa. Kaniuliza: Mama Ariane, ulimwambia daktari kuhusu damu chooni? Nikasema ndiyo. Una hakika? Hapo nikababaika. Mimi na Régis tunaimba kwaya moja! Nakumbuka nilianza na habari za parachichi. Kama niliifikia damu, sijui. Kamanzi kasema bila faili la kliniki hatuna kesi.

Na kuna jambo Ariane anajifanya halioni. Régis ndiye msemaji wetu kwenye sherehe ya posa ya binti huyu, tarehe mbili Agosti. Ndiye atakayesimama kuwatania wakwe, awasingizie makosa, awabane mpaka waombe msamaha, ndipo awape binti. Niboye nzima hakuna mwenye ulimi kama wake. Sasa tumshtaki kabla ya keki au baada?

Jumapili, 20 Julai
Régis kaja kunipa pole baada ya misa. Eti Mungu mkubwa, wameuona mapema. Mapema! Nusura nimrushie mto. Halafu akafanya mazoezi ya hotuba yake mbele yangu, nikacheka mpaka mshono ukauma. Alipoondoka nikalia. Nina hasira naye, na bado nampenda, mjinga yule.

Jumatano, 30 Julai
Nimekwenda mwenyewe kuomba faili. Nilikuwa nimejiandalia uongo – watu wa bima wanalitaka. Hakuuliza kitu. Akaingia ndani, akakawia. Nikasema moyoni, anachana kurasa huyo.

Hakuchana. Nimelisoma pale pale kwenye benchi. Mara ya pili nilipokwenda, mwandiko wake mwenyewe: damu kwenye choo, wiki sita. Chini yake: amibe. Kumbe nilisema! Nilisema, akaandika, akanipa vidonge vile vile. Nikalitia mkobani, nikaondoka nalo.

Ariane kasema: sasa saini, Mama. Kamanzi anataka karatasi ya mashtaka Jumatatu, siku ile ile ninapoanza dawa za kansa. Naogopa dawa. Kesi pia naiogopa. Sijasaini.

Jumamosi, 2 Agosti
Saa mbili asubuhi. Nimefungwa mushanana, vazi letu la sherehe, hata kuinama siwezi. Wakwe wanafika saa nne. Régis kafika wa kwanza, na fimbo yake ya usemaji, na bahasha.

Barua iliyomo nimeisoma mara mbili. Kurasa mbili kwa mkono: aliona damu, aliandika damu, alipaswa kunipeleka hospitali siku ile. Wakili wetu – kumbe habari zake anazo – aitumie apendavyo. Anasema pia nikitaka aondoke, Nsengiyumva, shemeji yangu, atasema badala yake. Nsengiyumva! Huyo atawapa binti kabla hawajakaa.

Kila kitu kimo. Neno nisamehe tu halimo. Na leo mchana kutwa atawabana wageni waombe msamaha kwa makosa ambayo hawakufanya!

Ariane yuko mlangoni, nywele nusu zimesukwa. Anauliza: Mama, nimwambie abaki au aende? Nimesema alete ile karatasi ya Kamanzi, na kalamu, kisha amwite Régis humu chumbani, aje peke yake.

Ameleta. Ametoka. Kalamu ninayo: nataka nilisikie lile neno kinywani mwake kwanza, ndipo nijue nasaini au sisaini. Nasikia viatu vya Régis vikisimama nje ya mlango. Hajabisha bado –