Hapakuwa na Virusi

Igoma, Mwanza
14 Juni

Mpendwa Dada Tereza,

Shikamoo. Natumaini wewe na wazazi huko Magu hamjambo, na mgongo wa mama umetulia. Sisi huku ni wazima, kazi za ufundi zinaenda, ila moyo wangu hauko sawa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa simu ningekata katikati.

Nilipokuundia kompyuta ile, kifaa kimoja kimoja, ili uandikie utafiti wako wa akina mama wauza dagaa wa Igogo, uliniita injinia mbele ya majirani. Nami nikavimba kichwa. Mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ilikuja na kijitabu na draiva zake, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake. Nikasema fundi wa kweli hasomi kitabu, nikaweka draiva za mashine nyingine zilizokuwa kwenye flashi yangu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Ilipoanza kuganda na kujizima, nilikuja kwenu Nyegezi nikapiga windo upya, yaani nikafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya, bila hata kukuuliza kazi yako umeihifadhi wapi. Mahojiano ya miezi saba yakafutika. Ulipolia, nikakwambia ni virusi, vimetoka kwenye flashi ya sinema ya Shemeji Chenge. Wiki haikuisha, ukafunga mizigo ukamwacha mumeo, ukarudi kwa wazazi.

Juzi mteja aliniletea mashine yenye mazabodi kama yako, nayo inajizima vilevile. Safari hii nilikisoma kijitabu. Nikaweka draiva zake zenyewe, za mazabodi kwanza, kisha za kadi ya picha, na tangu hapo haijagoma hata mara moja. Nilikaa kwenye stuli yangu nikajichukia.

Dada, hapakuwa na virusi. Kazi yako niliifuta mimi, na shemeji nilimsingizia ili nisionekane fundi kanjanja. Nisamehe, ingawa najua ni kukuomba kitu kizito.

Jana nilienda kumwomba radhi. Alisema hajawahi kuchomeka chochote kwenye kompyuta yako. Nikamuuliza mbona hakujitetea. Akanijibu kwamba alijitetea mara tatu, na mara zote tatu ulimwambia mdogo wako hawezi kukudanganya.

Wasalimie sana baba na mama. Kunijibu mimi kunaweza kusubiri. Mpigie yeye kwanza.

Mdogo wako aliyekukosea,
Masalu