Bastola Ndogo ya Bwana Reinke

Ngonga, upande wa Itungi,
18 Juni 1916.

Mpendwa kaka Asegelile,

Ugonile, kaka, na shikamoo. Natumaini mikono yako itaipokea barua hii ukiwa mzima, wewe na shemeji Elizabeth na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba ikifika jioni, lakini sasa natembea bila fimbo. Angetile hajambo. Yuko bondeni anavuna mpunga na wanawake wenzake, maana mvua ilikaa sana mwaka huu na mavuno yamechelewa.

Ndaga fijo, asante sana kaka, kwa kitambaa na chumvi. Yunis amevifikisha vyote, ingawa alivuka Songwe maji yakiwa kiunoni. Mama huyu, kwa kwenda kuuza vyungu vyake huko Karonga, ametufungulia njia ambayo vita vilituzibia. Tumeshukuru kusikia kwamba bado unafundisha na kwamba shule yenu haikubomolewa.

Ulimtuma Yunis aniulize kwa nini Aliko nami hatuandiki tena pamoja kama zamani, yeye mtoto wa shangazi akijaza upande mmoja wa karatasi nami upande wa pili. Nilitaka nikujibu kwa mdomo siku tutakapoonana. Nimeona si haki kukuweka gizani, maana jambo lenyewe lina jina lako ndani.

Unaijua kazi yangu kwa Bwana Reinke, yule Mjerumani mnunuzi wa mpunga. Nilianza kwa kumbebea bunduki alipokwenda kuwinda viboko, kisha akaniachia silaha zake zote nizisafishe na kuzipaka mafuta. Aliko naye, baada ya wewe kuondoka, nilimtafutia mimi kazi pale pale dukani, ya kupokea magunia. Nilikuwa mtu wa Bwana Reinke hasa. Siku mtumbwi wake ulipopinduka kwenye mdomo wa mto Mbaka, nilimshika ndevu ili kichwa kisizame, nikamvuta hivyo mpaka mchangani. Wageni wakija alikuwa akiwaambia huku anacheka, "Ndevu hizi si zangu, ni za Mika."

Vita vilipoanza, Wajerumani wengi wa huku waliitwa jeshini. Yeye aliachwa kwa sababu ya homa zake. Rafiki yake mmoja wa mlimani, Tukuyu, alipokuwa akienda vitani alimpitishia bastola mbili ndogo, za namna ile inayojijaza risasi yenyewe kila ukifyatua. Bwana Reinke aliniita uani, akazilaza juu ya gunia.

"Mika, moja nitatembea nayo," aliniambia. "Nataka mtu anayezungumza nami asijue kama ninayo. Nichagulie."

Kaka, nilifurahi kama niliyepewa cheo. Nilizipima zile bastola asubuhi nzima. Moja ilikuwa ya Kijerumani, ndefu kidogo, na risasi zake nene. Ya pili ya Kibelgiji, bapa kama kipande cha sabuni, inajificha yote kiganjani. Nilisimamisha mgomba uani nikaupiga kwa zote mbili. Risasi ya Kijerumani ilitokea upande wa pili. Ya Kibelgiji ilibaki ndani, na kwa mbali kidogo sikuupata mgomba kabisa, maana bastola yenyewe ni fupi mno, na ile alama ya kulengea ni kama haipo.

Basi nguvu ilikuwa kwa ile kubwa. Lakini nilipoitia kwenye koti la Bwana, upande ule wa koti ulilala chini, hata mtu asiyejua angeuliza una nini humo. Nilipoichomoa, ile ncha ya kulengea ilinasa kwenye bitana ya mfuko ikachana uzi. Ndogo ilitoka bila kunasa popote. Tena ilikuwa na kitasa pembeni cha kuizuia isifyatuke, na nyuma ya mpini kipande kingine kinachotaka kubanwa na kiganja ndipo ikubali kulia, hivyo haiwezi kumlipukia mtu mfukoni anapokaa. Ubaya wake, vumbi la pumba za mpunga likiingia inagoma, na jasho linaitia kutu upesi. Hilo nilijua nitalimudu kwa kitambaa na mafuta.

Nikamwuliza, "Bwana, huyo adui atakuwa mbali au karibu?"

Akatazama pembeni. "Karibu. Kama wewe ulivyo sasa."

Nikadhani ananipa mfano tu. Nikamwambia, "Kama ni karibu hivi, chukua ndogo." Alicheka kidogo, akasema ni aibu kubeba bastola ya Wabelgiji wakati nao ni adui, lakini akaichukua. Mimi mwenyewe nikamshonea mfuko wa ngozi laini ya mbuzi ndani ya koti, ili vumbi lisiingie. Nikamfundisha kukishusha kile kitasa kwa kidole gumba kabla mkono haujatoka nje, mpaka akazoea.

Baada ya pale alibadilika. Mkono wake wa kuume ukawa hautoki kotini nikiwapo. Chakula nilichompikia akaacha kukila, akala mayai aliyojichemshia. Nilimwambia Angetile kwamba vita vimemtia wasiwasi mzee wa watu. Nilimhurumia, kaka.

Asubuhi moja, baada ya yale mapigano ya Karonga, nilimpelekea chai barazani. Nilipoinama kuweka kikombe, koti lilikuwa magotini pake na mdomo wa ile bastola umechungulia chini ya ukosi. Ulikuwa unatazama tumbo langu. Kitasa kilikuwa kimeshushwa. Nilijua kwamba kilichobaki ni kidole kimoja tu.

"Bwana, umeona nyoka?" nilimwuliza.

"Weka kikombe. Rudi nyuma." "Ndugu yako Asegelile yuko wapi?"

"Karonga. Anafundisha watoto kusoma. Ulimpa blanketi alipoondoka, Bwana, wewe mwenyewe."

"Yuko na askari wa Waingereza. Amekutuma uniue, kisha umfungulie ghala apite. Najua tangu vita vilipoanza."

"Tangu vita vilipoanza? Kabla ya kunipa bastola nizipime?"

Akasema polepole, "Niliitaka ndogo kwa sababu wewe ndiye unayesimama karibu nami kuliko wote."

Kaka, sijapigwa risasi maishani mwangu, lakini sidhani kama inauma zaidi ya maneno yale. Nilimwuliza ni nani aliyemwambia. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa duka. Pale alisimama Aliko na gunia begani. Nilimwita, "Aliko, mwambie Bwana si kweli!" Aliko alilitua gunia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Askari walinifunga mnyororo wa shingo siku hiyo hiyo. Hawakuninyonga, labda kwa ajili ya zile ndevu, sijui. Nilitiwa katika wapagazi, nikabeba masanduku ya risasi mpaka Iringa na kuipita. Mguu wangu uliharibikia huko, kwenye kidonda ambacho sikuruhusiwa kukipumzisha. Wengi niliofungwa nao hawakurudi. Mwezi uliopita, Waingereza walipoingia na Wajerumani wakakimbilia mashariki, nilitoroka nikarudi kwa kujikokota. Angetile alikuwa ameshanililia msiba. Aliponiona alikaa chini, akashika miguu yangu.

Bwana Reinke aliondoka na jeshi. Aliko hakuondoka. Nilimkuta ni mkalimani wa wenye nchi wapya, ana kofia nyeupe, na Jumapili kanisani anakaa benchi la mbele na kuimba kwa sauti kuu. Nilikaa kwanza mpaka hasira ipoe. Haikupoa. Nikamfuata nyumbani kwa mama yake, shangazi yetu Marta, nikamkuta uani.

"Kwa nini?" nilimwuliza. Sikumsalimu.

Hakukana. Alisema, "Bwana alituita mmoja mmoja. Aliniuliza nani hapa dukani ana ndugu kwa Waingereza. Mika, Asegelile ni ndugu yangu na mimi. Ningenyamaza, angesikia kwa wengine, angenifunga mimi. Nikataja jina lako. Akaniuliza, 'Anapanga nini?' Nikaona nikisema hakuna kitu hataniamini tena."

"Ungesema sisi wawili," nilimwambia. "Ungesema, Bwana, ni mimi na Mika, na hatupangi kitu. Ningesimama nawe. Hata mnyororo tungevaa pamoja."

Alisema aliogopa. Ninaamini aliogopa. Lakini aliponiona nikipima zile bastola, naye ameshanitaja, alipita na magunia yake akanitazama, akaniambia, "Kazi njema." Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Hatukujua kwamba shangazi alikuwa nyuma ya ua anapepeta mpunga. Alitoka na ungo mkononi. Unajua alivyotulea wewe na mimi mama alipokufa, hata watu wakadhani sisi watatu ni tumbo moja. Alimtazama mwanawe muda mrefu, akasema, "Aliko, uliwauza wote wawili." Akakunja mkeka wake, akachukua ungo na chungu chake kimoja, akatangulia njia ya kwangu bila kuniuliza. Mpaka leo anakaa kwetu. Aliko akija kumwamkia anaitikia, kisha anaendelea na kazi yake. Chakula anachomletea anakirudisha kikiwa kimefunikwa.

Wazee wanataka tupatanishwe kabla ya mavuno kuisha. Nimewaambia nitakuja kikaoni na nitasema haya haya, mbele yake na mbele ya kanisa. Kusamehe nimeomba Mungu anipe, bado hajanipa. Nawe akikuandikia, msome, kisha uamue mwenyewe. Mimi siwezi kukuamulia ndugu.

Angetile anakusalimu sana, anamwomba Elizabeth mbegu za maharage ya huko. Mzee Zebedayo anakusalimu. Lazaro na nyumba yake wanakusalimu. Shangazi Marta ameniambia niandike kwamba anakuombea kila alfajiri, na kwamba ana mtoto huko Karonga na mtoto hapa Ngonga, katika nyumba hii. Nilimwuliza, "Wawili tu, shangazi?" Akasema niandike hivyo hivyo.

Mungu awafunike kwa mkono wake, na Songwe ipungue tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Mika