Mshahara Hufuata Mji

Jumatatu, 4 Machi

Bodi imekubali! Makao makuu yanahamia mjini. Kiwanda cha nguo kinabaki hapa hapa, ila mimi mkurugenzi naenda zangu. Mshauri tuliyemkodi alisema wazi: mkurugenzi halipwi kwa kazi tu, hulipwa kwa kuangalia majirani wanalipwa nini. Hapa jirani yangu ni mwenye mashine ya kusaga. Kule ni wakurugenzi watupu, wanapata mara mbili yangu. Kazi ileile! Miaka yote hii nimekula vumbi kama bwege.

Jumatano, 6 Machi

Nimewatangazia kantini. Shemeji — kaka wa mke wangu, ndiye meneja wa kiwanda — akauliza mbele za watu: huko mjini kuna nini, na pamba na mashine viko hapa? Nikamjibu: kuna wenzangu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mke wangu haji kwa sasa. Mama yake hajiwezi, hana wa kumgeuza kitandani. Sawa. Sikumbembeleza.

Jumanne, 2 Aprili

Ofisi ghorofa ya kumi na mbili. Lifti, kiyoyozi, zulia linalomeza viatu. Kazi yenyewe? Asubuhi nampigia shemeji, ananieleza kiwanda kinavyokwenda. Basi. Mchana nakula na wakurugenzi wenzangu. Wanataja mishahara yao bila haya. Sasa na mimi nataja wangu!

Ijumaa, 26 Aprili

Bodi inauliza nyongeza yangu itatoka wapi. Jibu nilikuwa nalo mfukoni. Kama mshahara wangu unapanda kwa sababu ya mji, basi wa kule kiwandani ushuke kwa sababu ya mji. Kule maisha ni rahisi, vyumba bei chee. Washuke wote, shemeji naye. Nikasaini.

Jioni mke wangu kapiga, analia. Eti nimemkata mshahara kaka yake, mtu aliyetusimamia harusi. Nikamwambia sijakata mtu, nimekata mji. Akauliza mbona hela ya matumizi nayo imepungua.

Yeye naye si yuko kule?

Jumapili, 5 Mei

Wageni nyumbani leo — wakurugenzi wawili na wake zao. Tuko kwenye chai, mlinzi wa getini akapiga simu: Kuna mama hapa na mabegi, bosi, na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Anasema ni mkeo.

Wageni wakanitazama. Mmoja akauliza kuna nini. Nikatabasamu. Nikamwambia mlinzi:

“Muulize anatoka mji gani.”

Wakacheka sana. Nikaingia chumbani, nimejifungia, naandika. Simu iko kitandani, mlinzi hajakata. Nasikia kikohozi cha mama mkwe. Namsikia mke wangu akiutaja mji wetu — polepole, silabi kwa silabi, kama anamfundisha mtoto kusoma. Hakasiriki hata kidogo.

“Ameshasema, bosi. Nimjibuje?”