Tope Lililokufa

Mama mpendwa,

Amosi sana, nakusalimu kutoka huku Pwani. Mgongo unaendeleaje? Mvua imeshuka huko Kisian au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili uko sawa, moyo ndio umechafuka.

Nilikuambia kazi yangu hapa Pwani ni kuchunguza tope la mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya chumvi. Tope hilo lina vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyoozesha majani yaliyoanguka na kuyafanya chakula cha mizizi. Vikifa, mche haushiki. Sasa hapa kifusi cha barabara kiliziba mkondo wa bahari. Maji hayaingii wala hayatoki, na tope linanuka kama yai bovu. Nilimwambia bosi wa mradi wetu tuuzibue mkondo kwanza, ndipo tupande miche ya mikoko.

"Wafadhili wanafika Ijumaa," akasema. "Wanataka kuona miche, si vijidudu vyako."

Tukapanda. Akina mama wa kijiji waliinama kutwa nzima, matope mpaka mapajani. Picha zikapigwa. Kabla mwezi haujaisha, miche yote ilikuwa imenyauka.

Kilichoniuma zaidi si miche, Mama. Bosi aliita mkutano, akawaambia akina mama mbele ya waume zao kwamba walipanda ovyo, kwa hiyo kazi atakipa kikundi kingine. Mama Riziki, mwenyekiti wao, aliyenipokea kama mwanawe nilipofika, akanigeukia.

"Adhiambo, wewe ndiye unayelipima hilo tope. Mbona umenyamaza?"

Nikasimama. Nikasema walipanda vizuri, tope ndilo lililokuwa limekufa, na bosi alikuwa ameambiwa mapema.

Kesho yake nikatakiwa kurudisha funguo za maabara. Nina hasira, Mama. Nimesoma miaka yote hiyo ili nifukuzwe kwa kusema kile kile nilichoajiriwa kukichunguza?

Basi nakuja nyumbani. Mwambie Baba polepole, presha yake naijua. Nisalimie shangazi anayeuza samaki Sondu, na kaka yangu fundi wa pikipiki pale Nyamasaria. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu leo leo, kwa hiyo mwambie anipokee stendi kesho asubuhi.

Basi langu ni la jioni. Lakini sasa hivi akina mama wamepita hapa na majembe na karai. Wanakwenda kuondoa kile kifusi wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Mama Riziki ananiita dirishani. Naishia hapa, natafuta buti zangu.

Binti yako anayekupenda,
Adhiambo